Msumeno Hufia Ghalani

Katika msimu mmoja wa mvua, tukisafiri kwenye barabara ya milimani upande wa mashariki ya Uganda, tulikuta mkaratusi mkubwa umeanguka na kuiziba njia yote. Nyuma ya mti ule palisimama pikapu iliyombeba mama mjamzito aliyekuwa akipelekwa hospitali. Uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri. Askari walifika upesi, na kwa wepesi huo twawapa heshima yao. Wakateremsha msumeno wa injini, ule ambao wengi huuita chensoo, na watu wote wakashusha pumzi. Koplo mmoja akavuta kamba mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya kumi. Msumeno haukutoa hata kikohozi. Wenzake wakampokea, wakavuta kwa zamu mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mwishowe yakaletwa mashoka na mapanga kutoka vijiji vya jirani, na mti ukakatwa kwa muda wa saa tatu. Mama yule alijifungulia kandoni mwa barabara, amesitiriwa kwa kanga za wanawake aliokutana nao hapo. Mwenyezi Mungu alimnusuru yeye na mtoto wake. Lakini usalama wa raia hauwezi kuachiwa bahati njema peke yake.

Maneno yaliyosemwa pale yalikuwa yale yale tunayoyasikia kila mahali: kwamba mashine hizi ni mbovu, na kwamba wakubwa walete nyingine. Sisi twaona kuwa lawama ile ilimwendea asiyestahili. Kifuniko cha tangi kilipofunguliwa, harufu iliyotoka haikuwa ya petroli safi, bali ilikuwa kali na nzito mfano wa vanishi ya seremala. Mafuta yale yalikuwa yamelala humo tangu msimu uliotangulia. Basi msumeno ule haukufia barabarani. Ulikufa ghalani, miezi mingi kabla ya siku ile, na askari wetu walibeba maiti bila kujua.

Hilo ndilo neno letu la leo kwa ndugu zetu wa jeshi na wa polisi. Msumeno wa injini ni silaha ya kuokoa maisha, nao wastahili kutunzwa kwa nidhamu ile ile inayotunza bunduki.

Pasiwe na mtu wa kudhani kwamba tunakuza jambo dogo. Tarehe 1 Machi 2010, mlima uliporomoka huko Bududa na kufukia mamia ya watu katika vijiji vyake. Tarehe 11 Oktoba 2018, wilaya hiyo hiyo ilipigwa tena, na mto uliofurika ukashuka na mawe na magogo mpaka kwenye makazi ya watu. Tarehe 27 Novemba 2024, ilikuwa zamu ya Bulambuli. Kule Kasese, mto Nyamwamba ulivunja kingo zake mwezi Mei 2013, ukarudia tena mwezi Mei 2020, ukibeba kila kilichokuwa mbele yake. Katika maafa ya namna hii wa kwanza kutazamiwa ni askari, naye hukuta tope, mawe na miti iliyolala ovyo juu ya njia na nyumba. Hapo dakika moja ina thamani, na kamba inayovutwa bila jibu huwa ni dakika zilizoporwa kutoka kwa yule aliye chini ya kifusi.

Ili tuelewane vema, yafaa kwanza tuijue tabia ya injini yenyewe. Misumeno ya mwanzo ilikuwa mizito mno. Ule wa petroli aliouunda Mjerumani Andreas Stihl mwaka 1929 ulikuwa na uzito wa kilo 46, nao ulihitaji watu wawili kuubeba na kuutumia. Msumeno wa siku hizi hubebwa na mtu mmoja, kwa kuwa wengi wao hauzidi kilo 5 au 6, na injini yake huzunguka zaidi ya mara 12,000 kwa dakika. Wepesi huo umepatikana kwa kuacha mambo mengi yaliyomo katika injini ya lori. Injini ya lori ina bakuli lake la oili chini yake, na oili hiyo hulainisha vyuma wakati wote. Injini ya msumeno ni ya mipigo miwili, haina bakuli la oili; oili yake yote huja ndani ya petroli. Petroli iliyochanganywa hupita kwanza penye krenki na beringi, ikivipaka vyuma, kisha hupanda kwenda kuungua. Kwa hiyo anayetia petroli tupu katika tangi la msumeno ameiendesha injini bila oili, na katika muda mfupi pistoni itakwaruzika na kushikana na silinda. Baada ya hapo hakuna fundi wa kuifufua ila kwa kununua vyuma vipya.

Kipimo cha kuchanganya si siri, wala hakihitaji elimu ya chuo kikuu. Misumeno mingi ya kisasa, ikitumia oili nzuri iliyotengenezwa kwa injini za mipigo miwili, huchanganywa sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli. Maana yake ni mililita 20 kwa kila lita 1, au mililita 100 kwa lita 5. Misumeno ya zamani, na oili hafifu, hutaka sehemu 1 kwa 25, yaani mililita 200 kwa lita hizo hizo 5. Kila mashine ina kitabu chake, na neno la kitabu ndilo amri. Lakini ni vikosi vingapi vilivyo na kikombe cha kupimia? Tumeona oili ikimiminwa kwa kukisia, huyu kwa kifuniko cha soda, yule kwa kuhesabu migubio. Tumeona pia oili ya lori ikitiwa badala ya ile inayotakiwa, kwa hoja kwamba oili ni oili. Hoja hiyo ni ya uharibifu. Oili ya lori haikutengenezwa ili iungue; huacha majivu na masizi yanayoziba bomba la moshi na kuichafua plagi.

Sasa twafika mahali penye uchungu, nasi hatutapapita kwa kunyamaza. Kuna mafuta yanayotoka ghalani yakiwa petroli na kufika kwenye msumeno yakiwa kitu kingine. Njiani hupunguzwa lita moja au mbili, na pengo hujazwa kwa mafuta ya taa, au hata kwa maji. Mwizi wa lita mbili hujiona amefanya ujanja mdogo usiomdhuru mtu. Hajui kwamba mafuta ya taa hayageuki mvuke upesi kama petroli, hivyo injini baridi hukataa kuwaka. Na hata ikiwaka, hutoa moshi, hugonga na kupata joto lisilo lake. Serikali nyingi za eneo letu, Uganda, Tanzania na Kenya zikiwamo, zimehangaika miaka mingi na wachanganyaji wa mafuta katika vituo vya biashara. Itakuwa aibu kubwa iwapo polisi wanaokamata wachanganyaji mjini watakuwa na mchanganyaji wao ndani ya ghala lao wenyewe.

Zipo njia nyepesi za kumuumbua mwizi huyo. Kabla oili haijatiwa, dondosha tone la petroli juu ya karatasi nyeupe uliache likauke. Petroli safi hukauka bila kuacha doa la mafuta. Iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha alama. Ama maji, hayo hayafichiki kwa mwenye subira: mimina petroli kidogo katika chupa ya kioo uiache itulie, na maji yatakaa chini, kwa kuwa petroli ni nyepesi kuliko maji. Ni kazi ya dakika chache, nayo yaweza kufanywa na kuruta wa juzi.

Hata petroli halali, iliyopimwa kwa haki, haiwezi kulala milele. Sehemu zake nyepesi, ambazo ndizo zinazowasha injini, hutoroka pole pole. Zile nzito hubaki na kugeuka utando wenye kunata. Utando huo huingia katika vijitundu vya kabureta, vingine vyembamba kama tundu la sindano, ukavifunga. Penye petroli iliyotiwa alkoholi mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu alkoholi huvuta unyevu wa hewani, na huweza kudhoofisha vipande vya mpira vilivyomo ndani ya kabureta. Ndiyo maana watengenezaji husisitiza kwamba mchanganyiko wa kawaida usitunzwe zaidi ya siku 30 hivi. Nasi twauliza: katika maghala yetu, ni madumu mangapi yaliyoandikwa tarehe ya kuchanganywa?

Dawa yake haina gharama. Changanya kiasi cha kazi iliyopo. Hifadhi katika chombo kilichokusudiwa mafuta, chenye kifuniko cha kukaza, mahali pa kivuli na mbali na moto. Andika tarehe. Msumeno ukijulikana kuwa utakaa wiki kadhaa bila kazi, mwaga mafuta yote ya tangi katika chombo chake, kisha uwashe uungurume mpaka uzimike wenyewe, ili kabureta ibaki kavu. Mambo hayo manne tu yangalimwezesha yule koplo wa milimani kuukata mkaratusi wake kwa nusu saa.

Baada ya mafuta, adui wa pili ni uchafu. Chujio la hewa likijaa vumbi la mbao, injini hukosa pumzi. Hunywa mafuta mengi, hutoa moshi na kupoteza nguvu. Chujio dogo lililomo ndani ya tangi nalo huzibika, kisha injini hufa kila inapokazwa. Mapezi ya silinda yakifunikwa na vumbi lililoloa oili, joto hukosa pa kutokea. Plagi ni shahidi mwaminifu wa yote hayo: ikiwa na rangi ya kahawia isiyokoza, injini ina afya; ikiwa nyeusi na yenye kuloa, mafuta yamezidi au hewa imepungua; ikiwa nyeupe kama iliyobabuka, injini inaungua kwa kukosa mafuta ya kutosha, na pistoni i hatarini. Askari anayeweza kusoma alama za njiani hashindwi kusoma plagi.

Wa tatu ni mnyororo wenyewe. Mnyororo mkali hutupa vipande vya mbao. Uliokufa makali hutoa unga. Unapoona unga, simama, shika tupa. Anayeendelea kuukandamiza msumeno butu huichosha injini, hulitia joto bapa la chuma linalouongoza mnyororo, na huhatarisha nafsi yake. Katika maporomoko ya ardhi jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa magogo yanakuwa yamejaa tope na changarawe; mguso mmoja wa jiwe hutosha kuua makali yote. Hapo ni lazima gome likwanguliwe kwanza kwa panga, na kikosi kiwe na minyororo ya akiba iliyokwisha kunolewa. Aidha, tunapinga vikali ile desturi ya kuulainisha mnyororo kwa oili chafu iliyomwagwa kutoka katika malori. Oili ile ina chembe za chuma zinazokula pampu na bapa, nayo humrukia mtumiaji na kuidhuru ngozi yake.

Tena si kila msumeno unaokataa kuwaka ni mgonjwa. Mara nyingi sisi wenyewe huuzamisha. Injini baridi huwashwa kwa kufunga choki, na inapokohoa mara ya kwanza, choki hufunguliwa. Mwenye pupa hakisikii kikohozi hicho. Huendelea kuvuta huku choki imefungwa, petroli ikamiminika mpaka plagi ikaloa chepechepe. Kumbe angalizima swichi, akafungua plagi, akaikausha, akavuta kamba mara kadhaa ili mafuta yaliyozidi yatoke, kisha akaanza upya bila choki, asingalihitaji msaada wa mtu. Haraka haraka haina baraka, na wazee waliosema hivyo hawakuwa na kabureta.

Yote tuliyoyataja yanajulikana na mafundi. Kwa nini basi hayatendeki? Sisi twajibu kwamba yanashindikana kwa sababu msumeno wa kikosi ni wa wote, na kwa hiyo si wa mtu. Leo unakwenda na doria, kesho unakata kuni za jikoni, keshokutwa afande fulani ameuazima kwa shamba lake. Kila mmoja anautumia na hakuna anayeupangusa. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Bunduki ina namba, na namba ile ina jina la mtu. Ikipotea au ikishika kutu, hujulikana nani wa kuulizwa. Hakuna askari anayesema kuwa hakuisafisha bunduki yake kwa vile hakuifyatua. Kwa nini msumeno uwe yatima?

Kuna jambo jingine linalowahusu hasa polisi. Misumeno mingi hukamatwa kutoka kwa watu wanaokata miti ya hifadhi bila kibali, kisha huwekwa vituoni kama vielelezo vya kesi. Hukaa humo miezi, pengine miaka, mafuta yakiwa bado tangini. Kesi inapokwisha, mahakama ikaamuru mali itaifishwe au irudishwe kwa mwenyewe, kinachotolewa ni chuma chakavu. Taifa limepata hasara, au raia amedhulumiwa, na pia kituo kizima kimelala miezi yote hiyo karibu na petroli inayovuja. Kuyatoa mafuta siku ile ile ya kupokea kielelezo, na kuliandika jambo hilo katika daftari mbele ya shahidi, hakupunguzi uzito wa ushahidi hata kidogo.

Tunajua majibu yatakayotolewa. Wako watakaosema kwamba tatizo ni aina ya mashine, kwamba ingenunuliwa ile ya gharama kubwa shida zingekwisha. Hatukani kuwa sokoni zimo mashine za bandia zilizovikwa majina ya watu mashuhuri, na maofisa wa ununuzi wana wajibu wa kuzikwepa. Lakini mchagua jembe si mkulima. Mashine bora kuliko zote, ikitiwa petroli ya mwaka jana, haitawaka. Na ikitiwa petroli tupu, itakufa upesi kama mbovu. Wako pia watakaosema kwamba suluhisho ni misumeno ya betri iliyopo siku hizi. Nayo ina faida zake, kwa maana haina kabureta wala mchanganyiko. Ila betri yataka kuchajiwa, na penye maporomoko usiku wa manane nguzo za umeme huwa zimelala pamoja na miti. Hiyo nayo itahitaji mtunzaji.

Watakaosema kwamba hakuna fedha za oili na plagi, hao twawaomba wapige hesabu upya. Mililita 100 za oili huokoa silinda na pistoni. Tupa moja hunoa mnyororo mara nyingi. Kikosi kisichokuwa na fedha za kutunza msumeno mmoja hakiwezi kuwa na fedha za kununua mwingine kila mwaka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa hiyo twapendekeza kwa makamanda mambo machache, yote yaliyo ndani ya uwezo wao. Kila msumeno upewe mtunzaji mmoja kwa jina, aliyefunzwa, na msaidizi wake, asiyefunzwa asiuguse. Pawe na daftari linaloonyesha tarehe ya kuchanganya mafuta, saa za kazi, na siku ya kubadilisha plagi na kusafisha chujio, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Msumeno uletwe kwenye gwaride la ukaguzi pamoja na silaha, uwashwe mbele ya ofisa, na usipowaka aulizwe mtunzaji wake. Anayeutumia avae kofia ngumu, kinga ya macho na masikio, glavu na buti, kwa sababu mngurumo wake huzidi desibeli 100 na mnyororo hauchagui mguu wa adui au wa rafiki. Na yule atakayekamatwa akiiba mafuta ya uokoaji asihesabiwe kuwa ameiba lita mbili. Ahesabiwe kuwa ameiba njia ya mgonjwa.

Mvua zitarudi, kama zinavyorudi kila mwaka. Miti itaanguka, na mahali fulani gari litasimama nyuma ya mti likiwa na mtu asiyeweza kungoja. Askari watafika, na watu watashusha pumzi kama walivyofanya siku ile. Iwapo msumeno utanguruma au utanyamaza, jambo hilo halitaamuliwa hapo barabarani, mvua ikinyesha na mikono ikitetemeka. Linaamuliwa leo, ghalani, na yule ambaye sasa hivi anao ufunguo mfukoni. Tunamwomba aende akaufungue mlango, aunuse mdomo wa tangi, kisha atende inavyompasa.